Wimbo wa Ario

Marcelline aliposikia kwamba kazi ya kutunga wimbo wa Atanasi katika mchezo wa parokia amepewa Murielle, roho ilimuuma mpaka chakula kikamshinda. Tangu kwaya ya Wakongo ya Yeoville, hapa Joburg, ianze, nani mwingine aliyeitungia nyimbo kama si yeye? Na huyo Murielle, aliyetoka Bukavu juzijuzi tu, na ile sauti yake ya puani!

Parokia ilikuwa ikiandaa mchezo kuhusu Mtaguso wa Nisea. Padri alimbembeleza Marcelline achukue wimbo wa Ario, yule aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, Atanasi akampinga. Ario mwenyewe alieneza mafundisho yake kwa nyimbo, padri alieleza, kwa hiyo hata mzushi anahitaji mtunzi. Marcelline alikubali akitabasamu. Moyoni alisema watamjua.

Alitunga akiwa saluni, akisuka vichwa vya watu. "Kulikuwa na wakati, Mwana hakuwepo," na kiitikio cha kumtoa mtu kitini. Kila siku ya mazoezi alikaa nyuma, akimsikiliza Murielle neno kwa neno, akiwinda kosa. Hakulipata, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Siku ya mchezo, Ario alipigiwa makofi na vigelegele. Atanasi aliitikiwa kwa adabu tu. Marcelline alimwona Murielle akikunja kitenge chake kimyakimya, na roho yake ikasuuzika.

Kesho yake, wakati wa kula, alimwambia binti yake Chloé aombee chakula. Chloé alizaliwa hapa Joburg. Kiswahili alikisikia vizuri, lakini maisha yake yote alikijibu kwa Kizulu. Sasa alifumba macho, akaimba kwa Kiswahili kilichonyooka: "Kulikuwa na wakati, Mwana hakuwepo."

Mwiko wa bukari, ugali wa kwao, ulibaki hewani. Kiswahili cha kwanza cha mtoto wake, na kumbe ni uzushi uliolaaniwa Nisea!

"Wimbo ule si wa kweli, chérie," alisema. "Usiimbe tena."

Chloé akauliza, kwa Kizulu chake, wa kweli unaimbwaje.

Marcelline alitafuta wimbo wake mmoja wa kumjibu Ario, akakosa. Aliyemjibu Ario ni Murielle. Basi akafungua kinywa kwa uchungu, na wimbo wa Murielle ukatoka wote, beti zote, hata zile pumzi za puani. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko wake, na wivu ukamtoa machozi palepale mezani.

Chloé akamwomba aurudie.