Lita Tisa, Kwenda na Kurudi

Mwanangu Yasinta alijifunza siku za wiki kwa kunisubiri mimi. Alipokuwa na miaka mitano alizijua mbili tu: Ijumaa, siku mama anakuja, na Jumapili, siku mama anaondoka. Jumapili mchana nikianza kufunga begi, alikuwa ananificha kiatu. Kimoja tu. Nazunguka nyumba nzima nakitafuta, nimekasirika, basi linataka kuondoka, naye amekaa mkekani ananitazama kama vile hayamhusu.

Mimi ni muuguzi. Kazi iko Namtumbo, nyumba iko Songea, mtaa wa Msamala, na katikati kuna kilomita kama sabini za lami. Mabasi yapo, lakini basi huondoka likijaa, na zamu yangu huanza saa moja na nusu, liwe limejaa au halijajaa. Ndiyo maana kwa miaka minne nilipanga chumba Namtumbo, nikawa mke na mama wa mwisho wa wiki. Mume wangu Optatus, fundi seremala, na mama yake ndio waliokuwa wanamlisha na kumwogesha mtoto.

Mwaka huu tulisema imetosha, tununue gari. Hela ya gari lililotumika tulikuwa nayo, ya akiba yangu na ya vitanda vya Optatus. Kulinunua tungeweza. Kulinywesha kila siku ndiko kulikonitia hofu. Wenzangu wawili wa kazini, Mwamvua na Abuu, nao wana familia Songea na vyumba vya kupanga Namtumbo, wakakubali kuchangia mafuta sawa na nauli ya basi. Tukajumlisha na kodi ya chumba changu, tukagawa, tukapata jibu: lita tisa kwa siku, kwenda na kurudi. Gari likinywa tisa, nalala kwangu. Likinywa kumi, nabaki mama wa Ijumaa.

Niliiandika tisa hiyo kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Kila mtu aliyeingia jikoni aliiona, na kila mtu alikuwa na maoni.

Mwenye maoni mengi kuliko wote alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Rupert. Ameendesha malori ya tumbaku miaka thelathini, na kwake yeye gari ambalo huwezi kulipakia magunia ishirini ni baiskeli yenye mlango. Yeye alitaka tununue Noah.

"Watu wanane wanakaa," alimwambia Optatus, mimi nikiwepo. "Kukiwa na msiba, twende. Mavuno, twende. Gari la ukoo hilo."

"Ukoo hauendi kazini saa kumi na moja alfajiri," nilisema, lakini nilimwambia Optatus, si yeye. Katika familia yao mkwe haongei na baba mkwe moja kwa moja akiwa na hasira, wala hakai naye bega kwa bega. Salamu sawa, shikamoo Baba, marahaba mwanangu. Maneno mengine yote yanapita kwa mtu wa kati, hata kama mtu huyo ni mtoto wa miaka mitano.

Noah tuliipigia hesabu ikakataa hata kabla ya kuiona. Tukaenda kwa dalali, kijana mmoja wa Tunduru anaitwa Daimu, maneno yake matamu kama karanga za kukaanga. Akatuonyesha gari dogo, IST ya rangi ya fedha, safi, inang'aa, imepuliziwa manukato ndani. Nikaipenda. Nikawasha, nikaona taa ya mafuta inawaka.

Hapa kwetu gari la dalali taa ya mafuta haizimiki. Mafuta huwekwa ya kukufikisha kona ya pili na kukurudisha, na wewe mnunuzi unasikiliza redio, unapapasa viti, unasema naam, gari zima. Watu wengi wa Songea wamenunua magari namna hiyo, wakaja kujua yanakunywa kiasi gani baada ya kuyalipia.

"Mimi nataka kuijaza," nilimwambia Daimu. "Naijaza mpaka pampu ikate yenyewe. Naenda nayo kazini Namtumbo, narudi, najaza tena palepale. Itakapoingia lita ngapi, ndizo ilizokunywa."

Daimu alimtazama Optatus kama mtu anayeomba msaada. "Kaka, shemeji anataka kujaza full tenki gari ambayo sio yake?"

"Ndivyo alivyo," alisema Optatus.

Mwenye IST alikataa katakata. Aliposikia, alisema huyo mama haendi kazini, anataka gari la bure la kwendea harusi. Basi nikaiacha, na nakiri nilisononeka, maana ile rangi ilikuwa imeshanikaa moyoni.

Wiki mbili baadaye Daimu alinipigia. Kuna Passo ya bluu, ya mwalimu anayehama, na mwalimu hana neno, mradi Daimu mwenyewe awemo garini na nisipoinunua mafuta yabaki. Nilikubali hapohapo. Mzee Rupert alikuja kuikagua, akainama, akafungua boneti, akauliza ina piston ngapi. Daimu akajibu tatu.

"Tatu?" Mzee alifunga boneti taratibu, kama anafunika sufuria yenye mboga iliyochacha. "Optatus, mwambie mke wako hiyo ni cherehani."

Nilichagua Jumanne, maana Jumatatu nilikuwa na ofu, siku ya mapumziko, na ningeweza kuondoka Songea alfajiri. Yasinta sikumwambia kitu. Mtoto ukimwahidi kisha ikashindikana, utalia naye. Nilimwacha amelala, nikatafuta viatu vyangu vyeusi vya kazini, kimoja hakipo, kimepotea tangu Jumapili ya juzi. Nikavaa raba.

Sheli ya njia ya Namtumbo ilikuwa imefungua. Nilisimamisha gari mbele ya pampu ya pili, nikapiga picha mahali tairi lilipokanyaga, mhudumu akajaza mpaka ikakata. Abuu alikuwa likizo. Daimu akakaa nyuma badala yake, na Mwamvua akakaa mbele. Nilikuwa tayari kuondoka nilipomwona Mzee Rupert amesimama pembeni na koti lake la kijivu.

"Mwamvua, mwambie mkwe wangu naomba lifti," alisema. "Naenda kumsalimia dada yangu Beata, kulekule Namtumbo. Jioni nitarudi nanyi."

Ungefanyaje? Baba mkwe ameomba lifti, na kiti kipo. Alipanda nyuma, mbali nami kadiri gari lile dogo lilivyoruhusu, na safari nzima alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza injini.

Nitasema ukweli, asubuhi ile niliipenda Passo. Ilikuwa nyepesi, ilishika barabara, na mapema tu, saa moja kasoro, tulikuwa tumefika. Mwamvua alisema alhamdulillahi, leo nitakunywa chai kabla ya zamu. Siku nzima nilichoma sindano na kuandika kadi huku nawaza lita. Daimu alishinda kwa mama ntilie, akala mara mbili, na nilipotoka nikamkuta tayari ameshapata wateja wawili wa magari mengine.

Saa tisa na nusu tukaenda kumchukua Mzee kwa dada yake. Nilipokata kona ya nyumba ya Shangazi Beata, nilikanyaga breki ghafla.

Gunia la mahindi lilikuwa limesimama barazani, la kilo mia, limeshonwa mdomo. Pembeni yake madebe mawili ya karanga. Pembeni ya madebe, jogoo amefungwa miguu. Na pembeni ya jogoo, Shangazi Beata mwenyewe, mwanamke mnene mwenye furaha, amevaa gauni la kwendea kanisani na kilemba kipya.

"Karibu mwanangu Notburga!" alinipokea. "Kaka kaniambia una gari. Nami nimesema, lini tena nitafika Songea?"

Nilimtazama Mzee Rupert. Alikuwa anatazama mawingu.

Kumkatalia shangazi wa mume wako aliyeshavaa kilemba ni jambo ambalo mimi sijawahi kuliona likifanywa. Daimu na Mzee walilinyanyua gunia, buti likagoma kufunga, wakalifunga kwa kamba. Karanga zilikwenda chini ya miguu ya Mwamvua, naye akahamia nyuma. Shangazi alikaa mbele na jogoo mapajani, na Passo ikashuka chini, ikanywea.

Kipimo changu kilikuwa kimeharibika. Ningejaza nini, ningehesabu nini? Na Daimu alishasema mwalimu anahama Ijumaa na kuna mtu mwingine anaitaka. Hakukuwa na Jumanne nyingine. Machozi yalikuwa karibu, ya hasira zaidi kuliko huzuni.

Mlima wa kwanza injini ililalamika. Malori yakatupita. Nilibana mdomo mpaka nikashindwa.

"Shangazi," nilisema, "mwambie Baba kwamba leo nilikuwa napima mafuta, na yeye alikuwa anajua."

Shangazi aligeuza shingo. "Kaka, anasema alikuwa anapima mafuta na wewe ulikuwa unajua."

"Mwambie najua," ilijibu sauti ya nyuma.

"Anasema anajua."

"Muulize kwa nini basi gunia."

"Kwa nini basi gunia, Kaka?"

Jogoo akawika, saa kumi ile ya jioni, Mwamvua akaanza kucheka na kujiziba mdomo kwa mtandio. Tukaendelea hivyo mpaka tulipoyaona mabati ya kwanza ya Songea.

Nilirudi kwenye pampu ileile. Nilitoa simu, nikatazama picha ya asubuhi, nikasogeza gari mbele, nyuma, mbele, mpaka tairi likakanyaga palepale. Mhudumu alikuwa yuleyule. Tulishuka wote, hata jogoo, tukaizunguka pampu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Mafuta yakaanza kuingia. Tatu. Tano. Sita ilipita, na mimi nikaanza kuona chumba changu cha Namtumbo, ndoo yake, dirisha lake moja. Saba. Nane. Nikashika mkono wa Mwamvua. Nane na nusu. Pampu ikakata, tak.

"Nane nukta sita," alisoma mhudumu.

"Imekata mapema," alisema Mzee Rupert. "Ongeza."

Mhudumu alibonyeza tena, petroli ikatoka mdomoni mwa tenki, ikachuruzika juu ya tairi.

Nilikuwa napiga hesabu upya, polepole, maana sikuiamini. Nane nukta sita, na watu watano, na gunia, na madebe, na milima yote ile. Nilikuwa nimepanga kupima gari la watu watatu wenye vipochi vyao. Lakini ni lini mimi, hapa Songea, nitaendesha gari la watu watatu wenye vipochi vyao? Kila siku kutakuwa na shangazi. Kila siku kutakuwa na gunia. Mzee alikuwa amenipimia gari langu lenyewe, bila hata kunitakia mema.

Alinisogelea, akasimama hatua tatu, akaongea huku anamtazama dada yake.

"Beata, mwambie mkwe wangu nilitaka ishindwe."

"Anasema alitaka ishindwe," alisema Shangazi, na safari hii sauti yake haikuwa na furaha.

"Mwambie nilisema ikishindwa, watanunua Noah. Noah ina nafasi. Ningekuwa nakuja kwako kila mwezi. Miaka miwili nilikuwa sijakuona, Beata, na tuko kilomita sabini." Alipangusa uso kwa mkono wa koti. "Cherehani imeshona. Mwambie anisamehe."

Hasira yangu yote iliniisha pale, kwenye harufu ya petroli. Nilijiona mjinga. Miaka minne niliyolia kwamba barabara ile inanitenganisha na mtoto, sikuwahi kujiuliza kama kuna mwingine nyumbani inamtenganisha na mtu wake.

"Shangazi," nilisema, "mwambie Baba nimesamehe. Na mwambie kiti cha nyuma, upande wa kulia, siku yoyote akitaka kuja kwako, ni chake. Ila gunia moja tu. Mawili sitaki."

"Moja linatosha," alisema Mzee, moja kwa moja kwangu, akashtuka mwenyewe.

Daimu, ambaye alikuwa amesimama na jogoo kwapani kwa dakika kumi bila kulalamika, aliuliza kwa unyenyekevu kama sasa anaweza kumpigia mwalimu. Nikamwambia apige.

Jua lilikuwa bado lipo tulipoingia uani. Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha, na Yasinta amechuchumaa anachora kwenye vumbi kwa kijiti. Aliliona gari, akaniona nashuka, akasimama. Hakukimbia kama anavyokimbia siku zote. Alimgeukia bibi yake.

"Bibi, leo Ijumaa?"

"Leo Jumanne, mama."

Alinitazama kwa mashaka, kama vile nimekosea siku na nitarudishwa. "Umekuja kuchukua nini?"

"Sijaja kuchukua kitu," nilisema. "Nimekuja kulala."

"Na kesho unaenda?"

"Kesho naenda kazini, na jioni narudi. Na keshokutwa hivyohivyo."

Alifikiri. Alitazama raba zangu zenye vumbi, akatazama Passo, akamtazama babu yake anayehangaika na kamba ya buti. Kisha akaingia ndani mbio, nikasikia kitu kikiburutwa uvunguni mwa kitanda, akatoka na kiatu changu cheusi, kimejaa utando wa buibui. Alikipangusa kwa gauni lake na kunipa.