Uzi wa Bandi

"Simama hapo hapo, kijana. Ukishuka hivyo utamwaibisha mama yako mji mzima."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Bibi aliyeketi karibu na baiskeli ambazo wanafunzi walikuwa wamepanda nazo behewani alikuwa ameukamata mkono wa kimono yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika kuku bawa, na hakuonyesha nia ya kuachia. Milango ya treni ikafunguka, upepo mkavu wa Februari ukaingia kutoka mlima Akagi, milango ikafungwa. Kituo cha Ogo, ambako ningeshuka kwenda kazini, kikaanza kurudi nyuma dirishani.

Ningeweza kujinasua. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na katika umri ule sikukubali kushikwa na mtu. Lakini hariri ile niliyoivaa sikuthubutu kuivuta.

"Bibi, nimechelewa kazini."

"Chelewa. Umetoka nyumbani na bandi."

Nikainamisha macho. Kwenye kingo za mikono, na chini kuzunguka pindo lote, ulipita mstari wa mishono mirefu ya uzi mweupe, mwepesi, juu ya kitambaa cha rangi ya nili iliyokolea hadi kukaribia weusi. Nilikuwa nimeiona alfajiri. Nilidhani ni urembo.

Tangu nilipopanda treni kwetu Kiryu watu walikuwa wakinitazama kuanzia kifuani hadi kwenye pindo, na mimi nikayapokea macho yao yote kama haki yangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya behewa, kifua mbele, nikijiachia nitazamwe. Sasa nilielewa walichokuwa wakikitazama. Kila mtoto wa mji wetu, mji wa wafumaji, anajua kwamba bandi ni uzi wa kushikiza tu: fundi huipiga ili kingo za nguo mpya zikae sawa, na siku nguo inapovaliwa mara ya kwanza huondolewa. Kila mtoto, isipokuwa aliyerithi nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Masikio yangu yaliwaka moto.

*

Kimono zangu zote zilikuwa za babu. Alipofariki aliniachia kimono za pamba, zimefuliwa hadi zikalainika kama shavu, na majira ya kuchipua majani yaliyofuata nilivaa moja kwenda kununua maziwa. Nikaenda nayo benki, kisha kazini, na sikurudi tena kwenye jinzi isipokuwa siku za kupanda ngazi dukani.

Watu walidhani najionyesha. Si kweli, au si kweli yote. Nguo nyingine zote nilizowahi kuvaa zilikuwa zimekwisha kuamua umbo langu kabla sijazaliwa: bega hapa, goti pale. Kimono ni vipande vilivyonyooka tu. Ukiitandika sakafuni ni bapa kama karatasi. Mwili ndio unaoingia kuifanya nguo, na kila asubuhi unaanza upya. Ukiamka mvivu itakuanika kwa watu kutwa nzima. Mshipi ukikaa chini ya tumbo, mgongo wenyewe unasimama. Mikono yake, mipana kama mifuko, ilinibebea simu, tiketi, hata chungwa. Mvua ikinyesha nilichomeka pindo kiunoni, mitalawanda ikapiga lami ka-ka-ka, nikajihisi mji mzima unanisikia napita.

Na kweli ulinisikia. "Samurai!" waliniita vijana wa gereji. "Upanga umeuacha kwa fundi?"

"Nimeuacha shingoni kwa aliyeuliza jana."

Bwana Kurihara, mwenye duka la vifaa vya ujenzi nilikochonga funguo, alinitazama nikijifunga kamba ya kuinulia mikono ya kimono, akatikisa kichwa. "Shungo, mashine ikikunasa huo mkono, usije kunisumbua ukiwa mzimu." Lakini wateja walipoanza kumuulizia yule kijana wa kimono, aliyaacha maonyo, na mwishoni mwa mwaka akaniletea kamba mpya, nyekundu.

Mama ni mshonaji wa kimono. Maisha yake yote amekaa magoti sakafuni na sindano, akiwashonea watu nguo za harusi na za misiba, ambazo ziliondoka zimefungwa karatasi bila mimi kuzitazama kwa karibu, na nilipotokea sebuleni kwa mara ya kwanza na pamba ya babu, alinyanyua uso, akanitazama nilivyojifunga, akarudi kwenye mshono wake. Nilingoja sifa. Nilingoja hata tusi. Baada ya siku kadhaa aliniambia, bila kunitazama, "Ukosi unaubana sana. Acha shingo ipumue." Basi.

Sisi wawili tuko hivyo. Kuomba ni jambo ambalo nyumbani kwetu alilijua baba peke yake, naye aliomba kila kitu, hata chumvi iliyokuwa mbele yake.

*

Mwaka ule nyumba yetu ya kupanga ilikuwa ivunjwe, na tulipata vyumba viwili ghorofani, mahali ambapo kabati kubwa la droo alilokuja nalo mama siku ya ndoa lisingepita hata mlangoni. Baba, dereva wa teksi, mfupi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, alimpata bwana Hoshikawa, mnunuzi wa vitu vya kale, aje Jumamosi asubuhi kulichukua pamoja na vilivyomo.

"Vyote?" niliuliza. Tulikuwa tunakula tambi pana, zile za kwetu, ambazo moja tu hujaza mdomo.

"Kinachovaliwa kitahama nasi," alisema mama. "Kisichovaliwa kitaondoka na kabati."

Nilijua kilichokuwa droo ya chini kabisa. Ndani ya karatasi nene ilikuwamo kimono ya nili, hariri nzito isiyong'aa, ya uzi uliosokotwa kwa mkono, ambayo mama alimshonea baba mwaka waliooana. Utotoni nilikuwa nikiifungua karatasi kwa siri, niinuse. Baba hakuivaa hata mara moja.

"Mimi?" alisema baba, tambi ikining'inia. "Nikivaa ile nafanana na chupa ya pombe ya sake iliyofungwa zawadi. Nipitishie chumvi."

"Iko mbele yako," alisema mama.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nipe mimi. Nikajaza mdomo tambi badala ya kuisema. Nilimtazama mama, alikuwa akitazama bakuli lake. Nikaona, au nilidhani nimeona, kwamba haimuumi. Hilo likanikasirisha, na hasira ikawa njia rahisi kuliko kuomba.

Jumamosi nilitangulia kuamka. Nilivuta droo taratibu, nikavaa gizani, nikafunga mshipi wa babu, nikatoka. Chini ya taa ya kituo ndipo nilipojitazama vizuri. Pindo lilikuwa limekomea kwenye kifundo cha mguu, pale pale linapotakiwa. Mkono wa kimono ulifunika kifundo cha mkono bila kuzidi. Kimono ya mwanamume haina ujanja: ya mwanamke hukunjwa kiunoni ikaendana na kimo chake, ya kwetu ni ndefu kama ulivyo au si yako. Hata hilo halikunishtua. Nilidhani hariri imenitii.

*

"Keti," alisema yule bibi, na mwanafunzi mmoja akanipisha kwa kuogopa. Alifungua mkoba, akatoa mkasi mdogo wa kushonea. "Nitakutolea mimi. Mikono yangu ingali na akili. Nani amekushonea?"

"Mama. Lakini si yangu. Ni ya baba."

Akaugeuza mkono wa kimono, akasoma mshono kwa kucha, taratibu. Ncha ya mkasi ilikuwa tayari chini ya uzi.

"Kitambaa kina umri," alisema. "Kimewahi kufumuliwa, kikafuliwa. Uzi ni wa juzi tu, tazama ulivyo mweupe. Baba yako ana kimo gani?"

Nilionyesha begani kwangu.

Bibi akashusha macho hadi kwenye kifundo cha mguu wangu. Kisha akacheka, kicheko kirefu chenye kikohozi, hadi watu wakageuka.

"Basi baba yako amerefuka sana usiku huu!"

Sikucheka. Nilitazama uzi. Mishono ilikuwa inalingana yote, mrefu mmoja, mfupi mmoja, na kila kwenye kona imerudi nyuma kidogo kabla ya kugeuka. Mkono ule niliujua. Ndio uliotia vifungo kwenye sare yangu ya shule, ndio ulioziba magoti ya suruali zangu. Mama hakuwahi kunipima, lakini nguo gani yangu haikupita mikononi mwake ikiwa na maji, ikianikwa kwenye ufito kwa urefu wake wote?

Bibi aliinua mkasi. Niliufunika uzi kwa kiganja.

"Samahani, bibi. Usikate."

Alinitazama, na kicheko kikamtoka usoni polepole. Akaurudisha mkasi mkobani.

"Ndiyo," alisema. "Si kazi yangu hii. Shuka kituo kinachofuata, vuka ng'ambo. Na ukosi wako uko vizuri. Shingo inapumua."

*

Nilimpigia simu bwana Kurihara kwamba nitachelewa, na njia nzima ya kurudi nilisimama nikiwa nimeikumbatia mikono ya kimono ili uzi usinase popote. Sikujali tena nani ananitazama.

Gari la bwana Hoshikawa lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Kabati lilikuwa limeshatolewa, limesimama barabarani chini ya anga kama mgeni asiyejua pa kukaa. Baba alikuwa akilisukuma na kutoa amri. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mikono ndani ya aproni. Droo ya chini ilikuwa wazi, karatasi nene imekunjuliwa, tupu.

Aliniona. Macho yake hayakuja usoni kwangu. Yalikwenda kwenye pindo.

"Umepanda treni na bandi?" alisema. "Mbele za watu?"

"Hadi Ogo."

"Hadi Ogo!" Akajifunika uso. "Watasema mshonaji Fusae siku hizi anatoa nguo nusu."

Baba alicheka hadi akaegemea kabati. Bwana Hoshikawa alinisogelea, akanizunguka, akainama kuitazama hariri kwa karibu. Aliijua bidhaa.

"Na hii imo?" aliuliza.

Mama aliteremka kizingitini. "Hiyo ina mwenyewe," alisema.

Aliniingiza ndani, kwenye chumba kilichokwisha kubaki mikeka mitupu, akapiga magoti mbele yangu. Alitafuta ncha ya uzi kwenye kona ya pindo, akauvuta. Ulitoka kwa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno.

"Umeifumua lini?" niliuliza, nikikitazama kichwa chake kilichoinama; mvi zilikuwa zimeanzia kwenye njia ya nywele.

"Kila ulipokuwa ukirefuka. Nilikuwa nimekunja kitambaa cha akiba ndani, kiunoni. Baba yako ni mfupi, ilibaki nyingi." Akahamia upande mwingine. "Mara ya mwisho ni vuli iliyopita. Nilidhani umeshakoma kurefuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuvalisha, ungeivua ukifika kona ya kwanza. Nilikuwa nangoja uombe."

"Na kama nisingeiomba? Ingeondoka leo?"

"Ingeondoka." Alisema bila kusita, na nikajua ni kweli, na kwamba ingemuuma mpaka kesho. "Nguo isiyovaliwa ni kitambaa tu, Shungo. Mimi si mtunza vitambaa."

Nje baba alikuwa akimwomba bwana Hoshikawa sigara. Mama alivuta uzi wa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akauzungushia kidole chake mpaka ukawa pete nene, nyeupe.

"Sikuomba," nilisema. "Niliiba."

"Nimeona." Akapiga pindo kwa kiganja, likaanguka huru, na kwa mara ya kwanza hariri ikatembea peke yake juu ya mguu wangu. "Ni mwanzo. Nenda kazini."

*

Nimeivaa hadi leo. Nimechonga nayo funguo, nimekula nayo tambi kwenye vibanda vya kandokando ya mto Watarase, nimeoa nayo, nimebeba nayo mtoto aliyeitapikia begani. Hariri ile mwanzoni husimama kama ubao, kisha mwaka hadi mwaka inakuzoea, na sasa imelainika kuliko hata pamba ya babu. Majira ya baridi yaliyopita pindo lilianza kulika pale kisigino kinapopita. Nilimpelekea mama ghorofani. Aliliweka chini ya taa, akapitisha kidole kwenye nyuzi zilizolika, na uso wake ukafurahi namna ambayo sijawahi kuuona ukifurahia nguo mpya.

Aliifumua yote, akaifua, akaishona tena, sehemu iliyolika akaificha ndani. Macho yake si yale ya zamani. Ilimchukua hadi majani yalipochipua. Siku aliponiita niliivaa pale pale chumbani kwake, nikafunga mshipi, nikageuka kwenda mlangoni. Mkono wangu ukagusa kitu chembamba kwenye ukingo wa nguo. Nikatazama. Mrefu mmoja, mfupi mmoja.

"Mama, umesahau kutoa bandi."

Alikuwa ameshapiga magoti, ananingoja.

"Sijasahau," alisema. "Njoo hapa."