Gari la Macho Manne

Watu hudhani picha ya zamani hutafutiwa mwaka kwa kuangalia nguo. Waendelee kudhani. Gauni hurithiwa, koti huazimwa, na viatu vya harusi huvaliwa mpaka vichoke vyenyewe. Mimi naangalia gari. Kila baada ya muda mfupi viwanda vilibadilisha kitu, mara taa, mara bampa, mara umbo la vioo, kwa hiyo gari likionekana kwenye picha, hata kipande tu, najua picha hiyo haikupigwa kabla ya mwaka fulani. Ndiyo kazi yangu katika stoo ya picha ya gazeti, chumba kisicho na dirisha nyuma ya mitambo ya kuchapa, ambako kuna makasha na makasha ya picha ambazo wapigaji wake walikuwa wavivu wa kuandika tarehe. Wenzangu wananiita Bwana Bampa. Nimelizoea jina hilo, ila wasiniite hivyo mbele ya wageni.

Asubuhi hiyo dada yangu alikuja kazini na picha ya baba aliyoifunga kwenye kanga. Walikuwa wakipaka rangi chumba cha mama, fremu ikaanguka, kioo kikavunjika.

"Nitolee nakala," alisema, "halafu uiwekee kioo. Mama tangu jana hana raha, anautazama ukuta tu."

Picha hiyo ndiyo pekee ya baba tuliyo nayo. Alikuwa dereva wa bosi mmoja, na hapo amesimama ubavuni mwa gari la bosi akiwa amebeba mtoto mchanga. Mtoto ni mimi. Baba alifariki kabla sijajua kusema sawasawa, kwa hiyo sina sauti yake wala mwendo wake, nina ule mkono ulionibeba tu. Nilipokuwa mdogo, mtu akinionea nilikwenda chumbani kwa mama nikajitazama nilivyobebwa, nikapoa. Mpaka leo, na mvi hizi, nikienda kumsalimia mama lazima niibe jicho ukutani.

Nikaitoa picha kwenye fremu. Kartoni iliyoizunguka ilikuwa imefunika upande mmoja, na miaka yote tulikuwa tukiona mlango wa gari na kipande cha boneti, basi. Sasa uso wa gari ulikuwa mbele yangu mzimamzima. Ulikuwa na taa nne.

Nikachukua lenzi. Nikaifuta, nikatazama tena. Taa mbili kila upande, na katikati wavu wa vyuma vilivyolala. Gari hilo sisi wa kazi hii tunaliita Macho Manne. Kiwanda kiliacha milango ileile ya gari lililotangulia kikabadilisha uso tu, ndiyo maana sikuwahi kushtuka. Na lilipotoka kiwandani mara ya kwanza, mimi nilikuwa na miaka miwili kamili, nakimbia na kuvunja vyombo.

"Dada," nikasema, "huyu mtoto ni nani?"

"Umeanza lini kutojijua?"

"Haiwezekani kuwa mimi. Huyu hata shingo haijakaza, ona baba anavyomshika kisogo."

"Basi ni jirani," alisema, akachukua kanga yake. "Nimemwacha mama peke yake na fundi wa rangi. Ukimaliza kujitafuta, lete picha."

Akaenda zake. Siku yangu ikaharibika. Simu ilipolia niliipokea kwa kusema "si kabla ya," badala ya kusema haloo. Picha ya timu ya mpira niliiweka kwenye kasha la harusi. Nilijaribu kumkana baba, labda yule ni dereva mwingine, lakini masikio yale makubwa nayaona kila nikinyoa ndevu. Nilijaribu kulikana gari, nikageuza picha juu chini kama mwendawazimu, taa zikabaki nne. Kila nilipofunga mlango mmoja wa mawazo, mwingine ulifunguka, na nyuma yake hakukuwa na kitu.

Mchana nikaenda kwa fundi wa bodi, rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye gereji yake iko mtaa wa pili. Nilimkuta amelala chini ya gari, miguu nje.

"Hebu niambie," nikaiuliza ile miguu. "Mtu anaweza kuchukua gari la zamani akalibandika uso wa gari jipya?"

"Kila siku," ikajibu sauti. "Hilo uliloegemea lina uso wa binamu yake."

Nilitaka kumkumbatia. Basi ndiyo hivyo, nikasema, bosi alilibadilisha gari lake uso, na mtoto ni mimi, na mambo yamekwisha. Fundi akajitoa chini taratibu, akajifuta mikono, akanitazama kwa huruma iliyonikera.

"Huo uso aliupata wapi?"

"Kwenye Macho Manne iliyopata ajali, labda."

"Iliyokuwa imeshatoka kiwandani?"

Nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

"Bwana Bampa, uso wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Wewe si ndiye huwa unatufundisha?"

Alisema kweli, na nilimchukia kwa hilo njia nzima ya kurudi. Sasa lilibaki jibu moja ambalo sikulitaka. Baada yangu alizaliwa mwingine. Baba alimbeba huyo, akapigwa naye picha, kisha mtoto akaenda alikokwenda, na mimi nikabandikwa mahali pake ili nisiulize maswali. Utoto wangu wote nimekuwa nikijibembeleza kwa mkono wa mtu mwingine. Nilimwonea wivu mtoto wa wiki chache. Niliona aibu, lakini wivu haukuondoka.

Nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa dada, ambako mama anaishi. Mama alikuwa amekaa kitandani anakunja foronya, chumba kinanuka rangi mbichi. Dada alikuwa anasukuma kabati lirudi mahali pake. Nilisalimia nusu nusu.

"Mama, baada yangu ulizaa tena?"

"Nizae na nani? Baba yako alikuwa kaburini."

"Kabla hajafa."

"Wewe ndiye kitinda mimba. Kuna nini, mwanangu? Mbona unahema?"

Nikaweka picha kitandani, nikawaeleza taa, wavu, milango, kiwanda. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikajichanganya. Mama alitazama taa nilizoonyesha kwa kidole kama mtu anayeonyeshwa nyota mchana. Dada akachoka kusikiliza.

"Ni wewe," alisema. "Mimi nilikuwepo. Bosi alikuwa ndiyo kwanza amelinunua, viti bado vina nailoni. Baba akapita nalo nyumbani, mpiga picha akaitwa, baba akasema anataka kupigwa na vipya vyake viwili. Mimi nikalia kwa sababu si mpya. Kitovu chako kilikuwa hakijapona vizuri."

"Gari hilo lilitoka nikiwa na miaka miwili."

"Nani kakuambia?"

"Cheti changu cha kuzaliwa kimeniambia."

"Cheti chako," dada alisema, kisha akaacha kusukuma kabati. Akamgeukia mama. "Mama, hukumwambia?"

"Nilijua wewe umemwambia."

"Mimi? Mimi nilijua umemwambia wewe. Siku alipooa si ulisema utamwita ndani?"

"Nilimwita. Wageni wakaingia."

Wakaanza kusutana pale mbele yangu, nani alipaswa kusema na lini, kana kwamba wanagombania aliyesahau kufunga bomba. Mimi nilikuwa bado sijui wanachozungumza. Ikabidi nipige kofi kabati.

Mama akaweka foronya chini.

"Miaka miwili kabla yako alikuwepo mwenzako," alisema. "Wa kiume. Akapewa jina la babu yenu. Alikuwa mtoto mzuri, mnene, hana kelele. Hakumaliza mwaka. Ulipokuja wewe, babu yenu akataka jina lake lirudi, tukalirudisha. Halafu baba yako akafariki, nami nikapata kazi ya kufua hospitalini, na nyumbani hakuna wa kukutazama. Mwalimu mkuu akasema hapokei mtoto bila cheti, na hapokei wa chini ya miaka saba. Wewe ulikuwa na mitano. Chako tulikuwa hatujakitafuta. Cheti nilikuwa nacho kimoja, cha mwenzako, na jina lilikuwa moja." Akanyoosha foronya kwa kiganja. "Nikaona kinatosha."

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Darasani nilikuwa mdogo kuliko wote, wakaniita Kidonge, na mimi nikadhani nina kasoro. Kumbe nilikuwa na umri wa kucheza mavumbini. Miaka yangu yote nimeiandika kwenye fomu za watu kwa mkono usiotetemeka, na haikuwa yangu. Ninayemwambia kila mtu asiamini karatasi, aamini gari, mwenyewe niliamini karatasi.

Nilifurahi, sitaficha. Mtoto ni mimi, mkono ni wangu, gari halikukosea. Lakini furaha hiyo ilikuja na mtu mwingine nyuma yake, mnene, hana kelele, mwenye jina langu, nami sikujua nimsalimie vipi. Niliona haya kutabasamu mbele ya mama. Pia sikuweza kulia, maana sikumjua. Dada akaleta maji, nikayashika tu.

Mwisho nikafanya ninachojua. Nikageuza picha, nikatoa penseli, nikaandika mwaka nyuma, ule wa Macho Manne.

"Umemwandika?" mama akauliza.

"Nimejiandika mimi, mama."

"Gari ndilo lililokuonyesha mwaka?"

"Ndilo."

Akakunja foronya moja, akaikunja tena ingawa ilikuwa tayari imekunjwa.

"Na mwenzako? Yeye utamwonyeshea gari gani?"

"Hakupigwa picha, mama."

"Najua hakupigwa picha. Kila siku najua. Nakuuliza gari."

Dada alinifanyia ishara kwa macho ninyamaze, lakini hilo swali nililiweza. Magari ya mwaka ule nayajua kwa moyo, kwa sababu maisha yangu yote niliyaita magari ya mwaka wangu.

"Mwaka wake lilikuwa moja dogo," nikasema. "Mgongo wa mviringo, taa mbili, pembeni limepakwa nikeli. Mengi yalikuwa rangi ya krimu."

"La bosi lilikuwa la krimu," mama alisema. "Lile la kwanza. Baba yako alikuwa akiliosha mpaka linachoka."

"Basi ndilo hilo. Baba amesimama ubavuni mwake."

"Amembeba?"

"Amembeba."

"Mkono gani?"

Nikaigeuza picha. Baba alikuwa amenilaza kwenye mkono wa kushoto, na wa kulia alikuwa ameuegemeza tu kwenye mlango wa gari.

"Wa kulia," nikasema. "Huu wa kushoto ni wangu."

Mama akanipokonya picha, akausogeza uso wake karibu sana, akauangalia ule mkono wa kulia kwa muda mrefu.