Ghadhabu ya Kasri

Anayesema mke wa mkubwa hufaidi, aje aniulize mimi Zhor. Mume wangu, Lahbib, alikuwa mkuu wa serikali huko Rabat, nami nilibaki Sefrou na miti yetu ya cheri, maana ile nyumba ya serikali ilinibana pumzi. Kila Ijumaa nilipika kuskus, nikala upande wangu wa sinia, upande wake nikauacha bila kuugusa. Nilimtamani yule mtu, na sioni haya kusema. Nilitamani kikohozi chake uani, hata ubishi wake kuhusu chumvi.

Zamani ningekuwa na matumaini. Zamani mfalme akimchoka mkuu wa serikali, alimwondoa asubuhi, na jioni mtu yuko kwake anavua viatu. Ndipo ikaja katiba mpya. Mfalme humteua mkuu wa serikali kutoka chama kilichoshinda uchaguzi, na akishamteua hana tena uwezo wa kumfukuza. Mawaziri wengine anaweza kuwaondoa. Mkuu wao, la. Huyo hutoka akijiuzulu mwenyewe, au bunge likimkataa, au wananchi wakichagua wengine. Tulishangilia, na mimi nikaipigia kura ya ndiyo. Kumbe nilikuwa najifungia mlango mwenyewe.

Basi Lahbib akakorofishana na watu wa kasri juu ya waziri mmoja ambaye wao walimtaka na yeye akamkataa. Simu ya kasri ikanyamaza. Kikao cha mawaziri mbele ya mfalme kikaahirishwa, kisha kikaahirishwa tena. Kwetu huhitaji kuambiwa maana yake: hiyo ni ghadhabu. Na desturi ni ya tangu babu zetu, kwamba aliyeghadhibikiwa hangoji kufukuzwa. Hukusanya vyake akaenda kukaa kwake, kimya. Lahbib ni mtu wa desturi. Akafunga masanduku, akarudi Sefrou.

Wallahi nilifurahi mpaka nikajionea aibu. Majirani waliacha kupita uchochoroni kwetu, maana ghadhabu huogopwa kama ndui. Nikasema afadhali, nimpate peke yangu. Wifi yangu Mina ndiye pekee aliyethubutu kuja, akanicheka kwamba nimerudishiwa mume kama sufuria iliyoazimwa: imechakaa, lakini ni yangu. Asubuhi mimi na Lahbib tulikunywa chai ya nanaa uani. Akapogoa cheri vibaya, nikamgombeza, akanicheka. Nilikuwa na raha ambayo nilishaisahau.

Ijumaa akaja binti yetu Ilham, mwalimu wa sheria huko Fes. Alimbusu baba yake mkono, akaketi kwenye sinia, na kabla hajamega tonge akauliza ni nani aliyemfukuza.

"Hakuna aliyenifukuza," Lahbib akasema. "Mambo haya hayasemwi, mwanangu. Yanajulikana."

"Umeandika kujiuzulu, Baba?"

"Bado."

"Basi mkuu wa serikali bado ni wewe, umekaa hapa unakula kuskus. Mfalme hajavunja katiba, Baba. Wewe ndiye unayeivunja. Ukiondoka kwa sababu ya simu iliyonyamaza, atakayekufuata naye atanyamaziwa, naye ataondoka. Sasa tulipiga kura ya nini?"

Nilitamani kumnasa kofi. Mtoto nimzae mwenyewe, nimsomeshe mwenyewe, halafu aje kuninyang'anya mume kwenye sinia langu! Lakini alikuwa anasema kweli, na baba yake alijua. Lahbib aliacha kula, akapiga simu kuagiza gari la kumrudisha Rabat.

Alinikuta chumbani nikikunja kanzu zake za jellaba kwa hasira. Akaketi kitandani.

"Nimechoka, Zhor," akasema. "Kule sina rafiki. Mfalme hawezi kunifukuza, bunge halitaki kuniondoa. Lakini wewe ukiniambia nibaki, naandika sasa hivi kwamba najiuzulu kwa ajili ya nyumba yangu. Hiyo ni haki yangu. Sema tu."

Hebu fikirieni. Neno nililomwomba Mungu litoke kwa mfalme, sasa lilikuwa mdomoni mwangu. Katika nchi nzima, aliyeweza kumfukuza mkuu wa serikali siku ile ni mimi. Nilitaka abaki, jamani. Lakini watu wangesema kasri limenyamaza na Lahbib amekimbia, na nani angeamini kwamba ni mkewe aliyemwita? Na yeye mwenyewe, siku moja tukinywa chai, angeanza kuamini kwamba alikimbia. Huyo ambaye angekaa nami uani angekuwa mtu mwingine.

"Gari likija ukae mbele," nikamwambia. "Ukikaa nyuma unatapika kwenye kona."

Akanitazama, akaelewa, akanibusu kichwani. Nikamfungia sanduku mwenyewe, nikamtoa mpaka mlangoni. Gari lilipoondoka nilimfukuza Ilham jikoni, nikaosha vyombo peke yangu, nikalia.