Mashine ya Baba Mkwe

Bonge alikuwa mwoka mikate, na mikono yake ilikuwa gumzo la mtaa mzima. Gunia la unga ambalo wenzake walilibeba wawili huku wakilalamika, yeye alilitupia begani kama taulo. Ndiyo maana mkewe alipomwambia kwamba mama yake anahamia karibu nao, na kwamba hakubali kuiacha nyuma mashine ya kulimia bustani ya marehemu mumewe, Bonge alicheka tu.

"Mashine? Nitaipakia kabla chai haijapoa."

Walikwenda asubuhi na gari la mikate, lile refu lenye milango miwili nyuma, wakiwa wametoa trei zote. Mama mkwe aliwapokea getini. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, muuguzi mstaafu ambaye hata sokoni bado walimwita Sista. Akawapeleka bandani, akavuta turubai.

Bonge akaizunguka. Injini ilikuwa pana kama kifua cha fahali. Ilikaa juu ya magurudumu mawili ya mpira, na nyuma yake kulikuwa na vishikio virefu vya chuma na safu ya meno yaliyopinda, yaliyong'arishwa na udongo wa miaka mingi. Aliisukuma kwa kiganja. Haikutikisika.

"Baba yenu alikuwa hainyanyui," mama mkwe alisema. "Alikuwa anaiongoza tu. Ngojeni kwanza tuangalie pa kuweka gari."

"Mama, wewe kaa upumzike. Hii tuachie sisi."

"Sisi nani?" mkewe aliuliza, lakini Bonge alikwisha geuka.

Aliegemeza mbao mbili kwenye sakafu ya gari, akazikanyaga kidogo kwa mguu, akaridhika. Akaikokota mashine mpaka hapo, akazunguka nyuma yake, akaitia bega. Ikapanda kidogo, ikapanda tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. Ndipo akahisi ubao wa kushoto ukiteleza.

Mashine ikalala upande. Bonge akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote: akakaza mikono.

"Achia! Ruka!"

Sauti hiyo haikuwa ya mama mkwe aliyemzoea. Ilikuwa sauti iliyozoea kutiiwa wodini, na miguu ya Bonge ikatii kabla kichwa hakijaelewa. Akaachia, akaruka kando. Mashine ikaporomoka, ikapinduka, ikatua kwa meno, na ardhi ikatetema hadi kwenye magoti yake.

Vumbi lilipotulia, aliona alama ya kiatu chake. Nusu yake ilikuwa bado inaonekana mchangani. Nusu nyingine ilikuwa chini ya chuma, palipozama meno yote.

Bonge aliitazama bila kupepesa. Alivisikia vidole vyake vya miguu, kila kimoja peke yake, kana kwamba amevipewa leo. Mkewe alikuja akamshika mkono. Mama mkwe akamkagua miguu kwanza, kisha uso.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Chezesha vidole." Akavichezesha. "Haya. Sasa tuanze kazi."

"Mama, hii ni nzito mno..."

"Mwanangu, nimewanyanyua wanaume wakubwa kuliko wewe. Na wengine walikuwa hai."

Kicheko kilimponyoka Bonge, halafu akakaa chini palepale.

Mama mkwe alimwacha apumue. Kisha akamwambia binti yake arudishe gari nyuma kando ya banda, mahali ambapo ua ulishuka ghafla, mpaka sakafu ya gari ikakaribia kulingana na ardhi ya juu. Mlima aliopigana nao Bonge ukawa kijimwinuko tu. Walivuta breki ya mkono, wakazuia magurudumu ya gari kwa mawe. Wakaisimamisha mashine wote watatu, wakamimina petroli yake kwenye dumu, wakayafungua meno kwa spana. Mbao zikafungwa kwa kamba kwenye gari. Kamba nyingine, nene, ikafungwa kwenye mashine, ikapitishwa kwenye kapi, kigurudumu cha kuvutia mizigo, lililofungwa kwenye pete ya chuma nyuma ya viti.

"Anayesema ni mmoja," mama mkwe aliagiza. "Nikisema simama, mnasimama. Nikisema achia, mnaachia. Hakuna kukaa nyuma ya mashine. Na wewe, kunja magoti kidogo, mgongo usiupinde. Moja, mbili, vuta."

Bonge akavuta akiwa pembeni. Akajiandaa kwa ule uzito ambao nusura umle mguu, lakini haukuja. Mashine ilisogea. Mama mkwe alisimama kando, akaweka viganja vyake viwili vidogo kwenye vishikio, akaielekeza polepole kama anayemsogeza mgonjwa aliyelala, naye binti yake akafuata ubavuni akiweka jiwe nyuma ya gurudumu kila waliposimama. Chuma chote kile kilipanda kwa utulivu, bila mlio, kikaingia ndani. Springi za gari zikashuka, zikatulia.

Bonge alibaki ameshika kamba, mdomo wazi. Hakujua kwamba uzito unaweza kubembelezwa.

Waliifunga kwa mikanda pande zote nne, wakikaza kwenye fremu, si kwenye vishikio. Njiani mama mkwe alikaa nyuma kando ya mashine, naye mke wa Bonge aliendesha taratibu, akiacha nafasi ndefu mbele. Kwenye kila tuta Bonge aligeuka nyuma. Mashine haikusogea hata unywele.

"Itazame barabara wewe," mkewe alimwambia. "Nyuma yuko Sista."

Jioni, kwenye kiwanja kipya nyuma ya nyumba, mama mkwe alirudisha meno, akajaza petroli, akavuta kamba ya injini. Ikakohoa, ikanguruma. Aliiongoza kwa mikono miwili myembamba, akitembea tu nyuma yake, na ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu ikafunguka, ikajipindua, nyeusi na yenye unyevu, mpaka kwenye ukuta.

Bonge alisimama pale akitazama, kofia ikiwa mkononi bila kujua ameivua saa ngapi.

Mama mkwe akageuza mashine. "Mbona umeganda? Njoo ushike. Usiisukume lakini. Ifuate."