Sufu ya Baba

Asubuhi moja mfugaji alikuwa akifunga vifungo vya shati lake zuri, lile la kuendea mnadani, kifungo cha kifuani kikagoma. Akabana pumzi, wapi. Alipolivua ndipo akaona sufu imemwota kifua kizima na mgongoni, nyeupe, nzito, daraja la kwanza. Alikuwa amefuga kondoo maisha yake yote na sufu nzuri aliijua. Akavaa koti juu yake, akaenda kujaza maji.

Sababu ilijulikana. Kulikuwa na mwanakondoo yatima aliyekuwa akilala naye kitandani tangu baridi ianze. Mfugaji alimnywesha kwa chupa, akipuliza maziwa yasimuunguze, akimwita "roho ya baba". Mtoto alihitaji joto, mwili ukatoa joto. Basi.

Lakini jua la mchana lilimtesa. Akampigia simu binti yake, msusi wa mjini, ingawa hakuwa na kawaida ya kumpigia.

"Una mashine kali ya kunyolea?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una mashine kali?"

Binti akaja na basi la kwanza. Akaishika sufu, akaisugua kwa vidole.

"Hii ingeoshwa kwanza," alisema.

Akamkalisha uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamfunga kitambaa shingoni. Kondoo wakajipanga kwenye uzio kutazama. Dume mmoja aliyenyolewa vibaya mwaka uliopita alicheka waziwazi.

Binti alianzia kiunoni akipanda. Mkono wake ulipofika mabegani akagundua kwamba tangu azaliwe hakuwahi kuugusa mgongo wa baba yake. Ulikuwa mgongo wa kawaida, una joto. Akaendelea kunyoa taratibu kuliko inavyohitajika.

Mwanakondoo akalia zizini. Mfugaji akachomoka mbio, nusu kanyolewa, kitambaa kikipepea.

"Nani kamwonea roho ya baba? Eh? Nani?"

Akarudi amempakata. Binti alikuwa palepale, mashine inanguruma hewani.

"Mimi hujawahi kuniita hivyo."

Mfugaji akafikiri. "Wewe ulikuwa na mama yako."

"Mama alikufa nikiwa sijaanza shule."

Mfugaji akamkuna mwanakondoo kidevuni.

"Hapa nyuma ya bega umeparuka," alisema.

Binti akaparudia.

Sufu ikaota tena, na tena. Binti akawa anakuja kila ikijaa. Aliwaambia wateja wake kwamba anakwenda kumnyoa baba, na hakuna aliyeuliza zaidi. Sokoni watu walisema mfugaji amenenepa, maisha yamemkubali.

Katika safari moja baridi ilikuwa ya kukata mifupa. Binti alitetemeka mpaka mashine ikaacha mistari mgongoni kwa mzee. Mfugaji akainuka, akaingia ndani, akatoka na sweta aliyoifuma mwenyewe kwa sufu yake mwenyewe, laini kama povu. Akamkabidhi mikononi.

Binti akaikumbatia kifuani. Kisha akaikunjua. Ilikuwa na mikono minne.

"Unaionaje kola?" mfugaji akauliza. "Haitamkaba roho ya baba?"

Binti akaipima kola kwa vidole viwili.

"Imekaa vizuri, baba," alisema. Akaikunja sweta vizuri, akaiweka mahali pakavu, akawasha mashine, akaendelea na mgongo.