Meno ya Melchior

Siku ya kuvunja matanga ya baba, mdogo wangu Loïc alivaa suti ya kuazima akakaa kiti cha mbele kama bwana harusi. Mimi nilipewa sufuria za wali nizisimamie. Niseme mapema ili tusidanganyane: siku ile nilimchukia. Nilimchukia yeye na suti yake, na zaidi ya wote nilimchukia baba mkubwa Népomuscène, kaka wa baba, aliyekuwa ameshika kipaza sauti kisichofanya kazi na bado anakipigia kelele. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu, Kamenge nzima, tangu asubuhi, lakini nani angemwambia.

Kwetu, kuvunja matanga si kula na kunywa tu. Ni siku ambayo familia inasimama mbele ya watu na kutamka marehemu aliacha nini, na nani anakishika. Likisemwa siku hiyo, limesemwa. Baba yetu Melchior alikuwa fundi umeme, na aliacha kibanda cha mabati kando ya barabara ya hospitali pamoja na sanduku la vyombo. Ndani ya sanduku mlikuwa na koleo la kuchuna waya, lenye mipini myekundu. Hata katika picha yake kubwa iliyowekwa mezani, baba alikuwa amelishika koleo lile kifuani, anatabasamu huku amefumba mdomo. Wateja wote walilijua. Atakayepewa koleo ndiye fundi badala ya Melchior, na wengine wakatafute kazi nyingine.

Nililitaka koleo lile. Wala si kwa ukumbusho. Nililitaka kwa sababu lilikuwa langu.

Baba alilinunua dukani kwa Suud, Mwarabu wa Buyenzi anayeuza vifaa vya umeme, mwaka nilioanza kufanya naye kazi. Yeye mwenyewe hakulitumia hata mara moja. Mafundi wa rika lake wanachuna waya kwa meno: unauma ganda, unazungusha, unavuta, unatema. Wengine wanatumia kisu, na hao siwapendi kabisa, maana kisu kinakata nyuzi za shaba bila wewe kuona. Unafunga soketi, unaenda zako, na nyuzi chache zilizobaki zinabeba mzigo wa wenzao mpaka ukuta unanuka moshi. Wengine wanachoma ganda kwa kiberiti, shaba inatoka nyeusi kama sufuria ya maharage. Koleo ni jambo jingine. Lina skrubu ubavuni. Ukiirekebisha ilingane na unene wa waya, linakata ganda peke yake na shaba haiguswi. Nilimweleza baba haya yote, akanicheka.

"Jino linajua shaba," alisema. "Chuma iko kipofu."

"Basi na mi nitumie meno."

"Apana! We ni mutoto mwanamuke. Utaenda kwa bwana na kinywa kama geti imevunjika?"

Ndivyo nilivyopata koleo. Lakini wateja hawakutaka kuona mwanamke ameshika chombo, basi tukiingia nyumba ya mtu, baba ndiye aliyelishika, akaongea, akapiga picha nalo. Mimi nilipanda ngazi, naye akanipitishia koleo huku mwenye nyumba akitazama pembeni. Kazi ilikuwa yangu, sifa ikawa yake, na sikulalamika kwa sababu alikuwa baba. Jino lake la mbele lilikuwa limelika katikati, tundu la duara ambamo waya unapita barabara. Ndiyo maana kwenye picha alifumba mdomo. Loïc, aliyejifunza kwake baada yangu, alichukua njia ya meno, kwa sababu yeye ni mwanaume. Sasa naye ana tundu lile lile.

Watu waliambiwa baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Baba mkubwa ndiye aliyetunga hilo. Alisema, nani atampa kazi mtoto wa fundi aliyeuawa na umeme? Mimi nilikuwepo. Ilikuwa Kinama, nyumbani kwa mteja, na umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa juu ya ngazi na koleo mkononi. Nikamwambia ashushe swichi kubwa ya ukutani kwanza.

"Kuran imetoka tangu jana," akanijibu, maana umeme kwetu ni kuran. "Unaogopa nini?"

Akaweka waya kinywani, na umeme ukarudi. Moyo ulisimama, ni kweli, lakini haukusimama wenyewe. Koleo lilikuwa hapo juu ya kichwa chake. Angeliomba ningempa. Jioni ile nilimweleza mama yetu Léoncie kila kitu, akasikiliza, akajifunika kitenge, na hakulitaja tena.

Sasa baba mkubwa alikuwa amesimama mbele ya watu, ameinua koleo langu juu, lile kwetu tunaloliita pense, ili hata walioko nyuma walione.

"Kibanda na pense ya marehemu vinaenda kwa Loïc," alitangaza. "Mutoto mwanaume ndiye anabakisha jina. Joëlla, we utapata vitenge, na baraka zetu."

Watu wakapiga makofi. Suud, aliyekuja na kofia yake nyeupe na kukaa karibu na meza ya soda, akatikisa kichwa kukubali. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi. Alikuwa anajenga nyumba ya ghorofa na alishasema waziwazi kwamba kazi ya nyaya zote atampa yule ambaye familia itamtaja. Kazi ile ingenifanya fundi mbele ya mji mzima. Bila hiyo ningebaki binti wa fundi, yule anayeshika ngazi.

Nikaacha mwiko ndani ya wali.

"Ile pense ni yangu," nikasema.

"Mwanamuke hana pense," akajibu baba mkubwa bila kunitazama. "Ana mwiko."

Wakacheka. Hata wanawake walicheka, Mungu awasamehe, mimi bado.

"Na we uko na nini, baba mukubwa? Mudomo bila kuran."

Wakacheka tena, safari hii wakimtazama yeye na kipaza sauti chake. Uso wake ukaiva. Mtu mzima akichekwa hadharani hutafuta wa kumsaidia, naye akamgeukia Loïc.

"We, tengeneza ile rallonge! Kwa pense ya baba yako. Watu waone, kuran ikirudi nisikie sauti yangu."

Rallonge ni waya mrefu wa spika uliokuwa umetoka ndani ya nyumba kupitia dirishani, na mguu wa meza ya vinywaji ulikuwa umeuponda katikati. Loïc akapiga magoti na suti yake, akaukata kwa kisu mahali palipopondeka, akashika ule mwisho uliotoka dirishani. Akachukua koleo langu. Hakuigusa skrubu. Akabana, akavuta, na kipande kizima kikakatika na shaba yake kikaanguka chini. Akajaribu tena, kikaanguka kingine. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nilifurahi, sitaficha. Nilisimama pale mikono kiunoni na nikamwombea akate waya mpaka uishe.

Jasho likamtoka. Akamtazama baba mkubwa, akatazama picha ya baba mezani. Kisha akaweka koleo kwenye nyasi, na mkono wake ukafanya kile ulichozoea. Ukapeleka waya kinywani.

Furaha yangu ikaisha pale pale. Niligeuka nikatazama dirisha. Waya bado ulikuwa umechomekwa ukutani. Hakuna aliyeuchomoa, kwa sababu umeme haukuwepo tangu asubuhi, na mtu gani mwenye akili anachomoa waya usio na umeme?

Sikupiga kelele. Ningepiga kelele angeinua kichwa kuniuliza nini, na waya ungebaki pale pale. Nilikimbia, nikaruka viatu vya watu mlangoni, nikaukamata waya karibu na soketi na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Ukachomoka. Ulivyochomoka ulivuta na ule mwisho wa nje, ukapita kwenye mdomo wa Loïc, na nikamsikia akilia kama mbuzi.

Nilipotoka, damu ilikuwa kwenye shati lake jeupe na kila mtu alikuwa amesimama.

"Unaniua!" Loïc akanipigia kelele. "Juu ya pense tu, dada, unataka kuniua!"

"Mulozi! Mchawi!" akasema baba mkubwa. "Kumwaga damu ya ndugu yako siku ya matanga ya baba yako! Utoke mu uwanja huu! Utoke, na usirudi!"

Shangazi mmoja akanisukuma begani. Mwingine akasema alijua tangu zamani, msichana anayepanda ngazi hana adabu. Nilikuwa na maneno ya kusema. Yalikuwa mengi mno, na yote yalikuwa matusi. Nilitembea kuelekea geti.

Sikulifikia. Balbu ya barazani ikawaka. Redio ya jirani ikaanza kuimba katikati ya wimbo, mashine ya kusaga ya nyuma ikanguruma, na watoto wa mtaa mzima wakapiga yowe la furaha kama wanavyopiga siku zote: "Kuran! Kuran!"

Uwanjani kwetu hakuna aliyepiga yowe. Walitazama waya kwenye nyasi, mbele ya magoti ya Loïc. Loïc naye aliutazama, mkono ukiwa mdomoni, na polepole akaanza kurudi nyuma kwa makalio, suti na yote, kama mtu aliyeona nyoka.

Hapo mama akasimama. Tangu mazishi hatukuwa tumeisikia sauti yake mbele ya watu.

"Joëlla, kuja hapa. Fungua kinywa."

"Mama?"

"Fungua. Watu waone."

Nikafungua kinywa mbele ya wageni wote kama ng'ombe sokoni. Mama akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Muko munaona? Meno ni mazima. Sasa muone ya Loïc." Akamwinua mwanawe kwa sikio, mtu mzima mwenye suti, akampandisha mdomo wa juu uliokuwa unavuja damu. Tundu likaonekana. "Hii ni meno ya Melchior. Ile pense ingekuwa ya Melchior, meno yake ingekuwa mazima. Pense ni ya huyu mwenye meno."

"Léoncie, keti," akasema baba mkubwa. "Haya ni maneno ya wanaume."

"Melchior hakukufa na moyo, Népomuscène. Alikufa na meno. We ulijua, mi nilijua, tukanyamaza juu ya kulinda jina." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Unataka nizike na wa pili?"

Baba mkubwa akafungua mdomo. Kipaza sauti bado kilikuwa mkononi mwake, na spika haikuwa na waya. Akaketi.

Mama akaliokota koleo kwenye nyasi, akalipangusa kwa kitenge chake cha matanga, akaniwekea mkononi. Suud akanong'ona, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akanitazama na kusema kwa sauti ya kawaida, "Joëlla, kesho uje uone nyumba."

Msidhani baba mkubwa alitubu. Kibanda alikiacha kwa Loïc, kwa sababu lililosemwa limesemwa, na mpaka leo akinikuta njiani anatema mate. Na mimi natema.

Kazi ya Suud ilipoanza, asubuhi moja Loïc akaja. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Alisimama mlangoni kwenye vumbi la saruji, nami nilikuwa juu ya ngazi. Nilimwacha asimame mpaka nikachoka kumwona. Kisha nikamtupia koleo, akalidaka.

"Ile chumba ya nyuma," nikamwambia. "Na ukitia waya mu kinywa, nitakung'oa ayo meno mi mwenyewe."

Alichukua kipande cha waya, akakilinganisha na skrubu, akaikaza kidogo, akailegeza. Halafu akaliweka koleo chini, akaenda mpaka kwenye swichi kubwa ya ukutani na kuishusha. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake.

Bado nina hasira naye. Lakini nilishuka kwenye ngazi kwanza, nikakaa kwenye mfuko wa saruji, nikalia.